Gari la Ami Halitaki Kukauka

Ami alinunua gari la magurudumu manane, lile la kutembea nchi kavu na kuogelea majini, mtumba, ili abebee mwani wa kina mama wa Jambiani, Unguja. Bodi lake ni beseni la plastiki. Halina springi wala usukani. Unakata kona kwa mikono miwili ya chuma, na likifika kwenye kina linajisukuma kwa matairi yake, mwendo wa mtu anayetembea bila haraka. Mjini lingechekwa. Kwenye ule uwanda wa mchanga na maji ya magoti mpaka mwambani, punda alikuwa hafui dafu. Ila lilikuwa na maradhi ya kuzima.

Na lilizima kwa mpango. Likikaa majini kidogo linawaka mara moja, linakwenda dakika chache, linakohoa, linazima. Ukingoja, linawaka tena. Uani kwa Ami, siku ya jua haliwaki hata ulibembeleze. Siku ya mvua linaitika bila shida. Usiku wa masika lilisikika likigonga peke yake, tk-tk-tk, ufunguo uko chini ya mto wa Ami. Jirani akaleta ubani.

Mafundi walionitangulia si wa kuchekwa. Injini inayokufa njaa ya mafuta kisha ikapona ikipumzika, mtuhumiwa wa kwanza ni tundu la pumzi la kifuniko cha tangi: likiziba, hewa haiingii, na petroli haitoki. Wakalizibua. Wakabadilisha chujio, wakabadilisha plagi ambazo hazikuwa na kosa lolote, wakabadilisha pampu, kisha wakaibadilisha ile mpya. Mmoja akashauri pampu ya gari la injeksheni, lile linalopuliza petroli kwa nguvu, kutoka soko la Mwanakwerekwe mjini, "kwa sababu ina nguvu." Alhamdulillahi, hela zilikuwa zimekwisha. Kabureta, kile kifaa kinachochanganya petroli na hewa, inataka shinikizo la psi 2 mpaka 4 tu. Pampu ya injeksheni inatoa kama 40, inaisukuma sindano ya kabureta ibaki wazi, na petroli inamwagika ovyo kwenye injini yenye moto.

Ami alinipokea na ushahidi wake. "Pampu nzima, mwanangu. Nikiwasha swichi naisikia inanguruma."

Kweli ilinguruma. Lakini pampu ya aina ile hainungurumi, inagonga: ndani mna koili inayovuta pistoni, na springi inayoirudisha. Nikachomoa kijiti cha oili. Imepanda juu ya alama na inanuka petroli, maana yake kuna kitu kinasukuma mafuta wakati injini imelala, na sindano iliyochakaa inayapitisha. Tukamwaga oili, tukatia mpya. Nilitaka kufuata waya palepale, ila maji yalikuwa yanakupwa na kina mama wameshajifunga khanga viunoni. Nikachukua taa yangu ya kupimia umeme, nikapanda.

Kwenda lilizima na kuwaka kama kawaida yake, tukafika. Kurudi tumejaza magunia ya mwani mbichi, kina mama wanne juu yake, bahari inajaa, na sili za ekseli zinavuja kama kawaida ya mitumba hii. Katikati ya njia, kimya.

"Fueni maji!" Ami akapiga kelele. "Chombo kizito!"

Wakashika upo na ndoo. Wakafua kweli. Ami anazungusha ufunguo, injini inakohoa, inakata. Wakafua zaidi, ikaacha hata kukohoa. Bibi mmoja wa nyuma akatupa upo wake.

"Mimi basi. Mwacheni anywe, pengine ana kiu."

Wenzake wakaangua kicheko na kuacha kufua. Ami akazima swichi kwa hasira, akawapa mgongo. Maji yakaanza kupanda tena kwenye ngama, pale chini yanapokusanyika, taratibu, na ghafla chini ya magunia: tk-tk-tk-tk.

Swichi imezimwa! Mmoja akaanza Ayatul Kursiy kwa sauti.

Nikasukuma magunia, nikafunua ubao wa chini. Kwenye ngama kulikuwa na swichi ya boya, ile ambayo maji yakipanda inainuka na kuwasha pampu ya kutolea maji. Nikalikandamiza boya kwa kidole: kimya. Nikaliachia: tk-tk-tk, kutoka kwenye tangi la petroli. Nikamwambia Ami awashe ufunguo, na ule mngurumo wake mashuhuri ukatoka mbele ya pua yangu, kwenye pampu ya maji.

Waya mbili nyekundu, zote za unene mmoja, mtu alizipishanisha. Ufunguo ulikuwa unaendesha pampu ya maji, na boya linaendesha pampu ya petroli. Gari lilipewa mafuta likianza kuzama tu, likiokolewa, linanyimwa. Bakuli la kabureta lina akiba ya dakika moja mbili, ndiyo maana halikuzima papo hapo likajulikana. Na zile mvua za usiku, beseni lilijaa uani, boya likapanda, pampu ikagonga mpaka asubuhi.

"Sasa tuzame ndiyo tufike?" Ami akauliza.

Bibi akafungua pindo la khanga, akatoa tai-tai, kamba za kufungia mwani. Tukalifunga boya lisishuke. Injini ikawaka, tukaenda mpaka ufukweni na pampu zote mbili zinafanya kazi, kila moja kwa amri ya mwenziwe.

Kuzirekebisha hakukuchukua muda. Pampu ya petroli inapata umeme kutoka kwenye ufunguo kupitia relei, yaani swichi inayoendeshwa na umeme, na fyuzi ya ampea 5. Inakaa chini karibu na tangi, kwa kuwa ni hodari wa kusukuma kuliko kuvuta. Chujio kabla yake, mshale uelekee kabureta. Bodi ni plastiki, kwa hiyo waya wa hasi urudi mpaka kwenye betri, usiufunge popote pengine. Boya lipate umeme moja kwa moja kutoka kwenye betri, na fyuzi yake, ili litoe maji hata Ami akiwa amelala. Kisha chomoa mpira wa kabureta, uelekeze kwenye chupa mbali na cheche, uwashe ufunguo: petroli itoke mfululizo. Ikitoka na mapovu, hewa inaingia kwenye klipu za upande wa kuvuta. Pima volti kwenye pampu ikiwa inafanya kazi. Zikipungua zaidi ya nusu volti kuliko za betri, kuna kiungo kimeshaliwa na chumvi. Waya za pampu ya petroli nilizipaka rangi ya kucha, chupa kwa hisani ya binti yake Ami, ambaye hajanipa ruhusa wala mimi sijamwomba.

Tukafika kwenye malipo.

"Nikulipe nini?" Ami akasema. "Hujatia kifaa hata kimoja. Umehamisha waya tu."

Tukapatana kwa nusu. Bibi, aliyekuwa bado anakamua khanga yake, akasema nusu ya hiyo nusu ni yake, kwani nani alisema kwanza kwamba gari lina kiu? Nilimpa.