Saeed Jaffrey: tumlaumu kwa nafasi alizozikubali?

Kila anapotajwa Saeed Jaffrey, mwigizaji wa Kihindi aliyefariki London Novemba 2015 akiwa na miaka 86, mabishano hurudi palepale. Kuna wanaosema alipata riziki yake kwa kuwaigizia Waingereza yule Mhindi waliyetaka kumwona: nawabu (mtawala au mwinyi wa Kiislamu wa India) mcheshi, mtumishi mwaminifu, mwenye duka. Wengine husema asingekuwapo yeye na wenzake wachache, hata nafasi hizo zingekwenda kwa Wazungu.

Hawa wa pili wana ushahidi mzito. Katika filamu ya A Passage to India ya mwaka 1984, Jaffrey alikuwa Hamidullah, lakini Profesa Godbole, Mhindu wa tabaka la Brahmin, aliigizwa na Alec Guinness, Mwingereza aliyepakwa rangi usoni. 1984 si enzi za filamu bubu! Kabla ya hapo, katika Gandhi (1982), Jaffrey aliigiza Sardar Patel, mwenzake Gandhi katika kupigania uhuru, huku Gandhi mwenyewe akiwa Ben Kingsley, ambaye walau ana asili ya Kigujarati. Babu yake alikuwa mfanyabiashara wa viungo Zanzibar. Kumlaumu mtu wa kizazi kile kwamba hakuchagua kazi ni kudhani kazi za kuchagua zilikuwapo. Na maandalizi alikuwa nayo: alizaliwa Malerkotla, Punjab, akafanya kazi redioni Delhi, akaanzisha kikundi cha Unity Theatre mwaka 1951, kisha akaenda kusomea uigizaji Marekani na kuigiza Shakespeare huko.

Hata hivyo, lawama hazikutoka hewani. Itazame The Man Who Would Be King (1975), wanamong'ara Sean Connery na Michael Caine. Jaffrey ni Billy Fish, askari wa Kigurkha, yaani wa kutoka Nepal, anayewatafsiria wale wawili. Mambo yanapoharibika anapewa nafasi ya kutoroka, anaikataa kwa maelezo kwamba Wagurkha ni askari wa miguu, si wapanda farasi, kisha anachomoa kisu chake na kuuvaa umati peke yake. Ameigiza vizuri mno, na hapo ndipo panapouma, kwa sababu ustadi wote ule umetumika kumpamba mtumwa anayewafia mabwana zake.

Sasa mweke kando ya huyo Mir, nawabu wa Lucknow katika Shatranj Ke Khilari ya mwongozaji wa Kihindi Satyajit Ray (1977). Mir amelewa mchezo wa sataranji hata haoni kuwa East India Company, kampuni ya biashara ya Waingereza, inaimeza nchi yake. Anarudi nyumbani, anamkuta kijana chini ya kitanda cha mkewe. Anaambiwa kijana amejificha kwa kuogopa kuchukuliwa jeshini. Anaamini! Uso wa Jaffrey hapo unatoka kwenye mshangao hadi kwenye hofu ya vita bila hata kupitia kwenye wivu, nawe unacheka huku ukimhurumia. Miaka michache baadaye aliigiza nawabu mwingine, wa Mirat, katika tamthilia ya televisheni ya Uingereza The Jewel in the Crown. Cheo kilekile, ila yule wa Ray ndiye anayekaa kichwani.

Kwangu hilo ndilo linaloamua sehemu kubwa ya kesi. Mwandishi Hanif Kureishi alipomwandikia Nasser wa filamu ya My Beautiful Laundrette (1985), Mpakistani tajiri wa London mwenye hawara Mwingereza na asiyeona haya kumfukuza mpangaji, Jaffrey alifika hadi kuteuliwa kuwania BAFTA, tuzo kubwa ya filamu ya Uingereza. Mwandishi aliwajua watu wake, basi mwigizaji akapata pa kusimama.

Wala tusidhani Bombay, kitovu cha filamu za Kihindi, ilimtendea haki zaidi. Ilimpa Lallan Miyan wa Chashme Buddoor (1981), muuza sigara na tambuu anayehangaika na madeni ya vijana watatu, nafasi ndogo iliyopendwa sana. Baada ya hapo ikamgeuza baba na mjomba wa kila filamu.

Pasipoteteeka ni mwishoni. Mwaka 1999, akiwa na nishani ya heshima ya Uingereza, OBE, tangu 1995 na jina lisilohitaji utambulisho, aliingia Coronation Street, tamthilia ya televisheni ya Uingereza, kama Ravi Desai. Ndiyo, familia ya Kihindi hatimaye ilipata makazi katika tamthilia iliyokuwa hewani tangu 1960. Lakini Desai alikuja kufanya nini? Kununua duka la mtaani. Mwaka 1965 angekosa njia nyingine. Mwaka 1999 hakuwa tena mtu wa kukosa.