Mwanga wa Buluu na Dakika Kumi za Usingizi

Watu 12 walikaa wiki mbili ndani ya maabara mjini Boston. Jioni tano walisoma kitabu cha karatasi, jioni tano nyingine wakasoma kwenye iPad iliyowashwa hadi mwisho wa mwanga wake, na kila mara usomaji uliendelea kwa muda wa saa nne kabla ya kulala. Matokeo yalipochapishwa mwaka 2015 yalitisha. Kwenye jioni za iPad, melatonini, homoni inayoutangazia mwili kwamba usiku umeingia, ilipungua kwa zaidi ya nusu, na saa ya mwili ikachelewa kwa takribani saa moja na nusu. Lakini usingizi wenyewe ulichelewa kwa muda gani? Dakika kumi hivi.

Ubishi wote kuhusu miwani ya rangi ya chungwa na skrini zinazogeuka njano jioni, vitu vilivyokusudiwa kupunguza mwanga wa buluu wa skrini ili usingizi usichelewe, umo ndani ya jaribio hilo moja. Anayetetea kuzuia mwanga wa buluu hushika ile nusu ya melatonini. Anayepinga hushika zile dakika kumi. Wote wawili wanasema kweli, ila mmoja anazungumzia homoni na mwingine anazungumzia usingizi.

Wanaotetea hawajajengea hoja hewani. Mwaka 2002 David Berson na wenzake walionyesha kuwa nyuma ya jicho kuna seli chache zisizohusika sana na kuona sura za vitu. Zina protini iitwayo melanopsini, na huamshwa zaidi na mwanga wa takribani nanomita 480, yaani buluu. Seli hizo hupeleka habari kwenye saa kuu ya mwili iliyo ndani ya ubongo, nayo ndiyo huiambia tezi ya pineali ianze kumwaga melatonini au isubiri. Ndiyo maana hata baadhi ya vipofu wasioona chochote bado miili yao hujua mchana na usiku.

Juu ya msingi huo yapo majaribio ya miwani yenyewe. Mwaka 2018, Chuo Kikuu cha Columbia kilijaribu watu 14 wenye tatizo la kukosa usingizi. Walivaa lenzi za rangi ya kaharabu, yaani ile ya chungwa, kwa saa mbili za mwisho kabla ya kulala kwa wiki moja, na wiki nyingine wakavaa lenzi nyeupe zisizo na rangi kwa namna ileile. Walipovaa za kaharabu walilala kama nusu saa zaidi. Na Norwe, mwaka 2016, wagonjwa 23 wenye wazimu wa furaha kupita kiasi uletwao na ugonjwa wa hisia mbili (bipolar) walipewa miwani ya aina hiyo, au miwani nyeupe, pamoja na dawa zao. Waliopata ya kuzuia buluu walitulia haraka kwa namna ambayo si rahisi kuipuuza.

Sasa upande wa pili. Mwaka 2021, watafiti wa Chuo Kikuu cha Brigham Young waligawa vijana 167 katika makundi matatu: wanaotumia simu usiku ikiwa imewekwa rangi ya njano, wanaoitumia bila rangi hiyo, na wasioigusa kabisa kabla ya kulala. Kwa jumla tofauti kati ya makundi haikuonekana. Miaka miwili baadaye mapitio ya Cochrane, mtandao wa watafiti wanaokusanya na kupima majaribio ya tiba, yalikusanya majaribio 17 ya miwani ya kuchuja buluu, na kuhusu usingizi yakashindwa kutoa jibu la uhakika.

Hapo wengi hufunga mjadala. Mimi nadhani wanaharakisha. Lenzi nyingi nyeupe zinazouzwa kwa ajili ya kompyuta huchuja takribani asilimia 10 hadi 25 tu ya mwanga wa buluu. Lenzi ya kaharabu huzuia karibu wote. Kuviita vitu hivyo viwili kwa jina moja, kisha kuuliza kama vinasaidia, ni kama kuuliza kama dawa inatibu bila kutaja kipimo chake. Na mpangilio wa njano kwenye simu, kama mwanga wa skrini haukupunguzwa, hubadili rangi kuliko unavyobadili kiasi cha mwanga unaofika jichoni.

Jambo linalonivutia zaidi ni jaribio la Uppsala, Uswidi, la mwaka 2016. Watu 14 walikaa kwenye mwanga mkali kwa saa sita na nusu mchana, halafu jioni wakasoma kwenye kishikwambi au kwenye kitabu kwa saa mbili. Hapakuwa na tofauti, si kwenye melatonini wala kwenye usingizi. Ukiliweka kando ya lile la Boston utadhani mmoja wao amekosea. Lakini wale wa Boston waliishi ndani, kwenye mwanga hafifu wa maabara, siku baada ya siku. Jicho hupima mwanga wa jioni kwa kuulinganisha na ule wa mchana. Aliyeshinda kwenye giza la chumba huona skrini kama jua linachomoza. Aliyeshinda nje, ambako hata siku ya mawingu huleta maelfu ya luksi (kipimo cha mwanga), huiona kama kibatari. Mwaka 2022 kundi la wataalamu wa fani hii lilipotoa mapendekezo yake, halikuzungumzia jioni peke yake. Lilisema mchana jicho lipate angalau luksi 250, na kwa muda wa saa tatu kabla ya kulala zisizidi 10, zikipimwa kwa jinsi melanopsini inavyozihisi.

Kwa hiyo swali kwamba kuzuia buluu jioni kunasaidia usingizi au la, naona linamkosa mhusika. Miwani ya kaharabu haizuii buluu tu. Hutia giza kila kitu, kama miwani ya jua. Aliyelala vizuri baada ya kuivaa huenda angelala vivyo hivyo kwa kuzima taa mbili kati ya tatu. Pia simu huamsha kwa yaliyomo. Ujumbe wa bosi saa nne usiku, au ugomvi wa watu usiowajua, hauhitaji rangi yoyote ili ukukoseshe lepe la usingizi. Mara nyingi mwanga unasingiziwa tu.

Hata hivyo wastani wa kundi hauwezi kukuambia habari zako. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Monash walionyesha mwaka 2019 kwamba watu wanatofautiana zaidi ya mara 50 katika jinsi mwanga wa jioni unavyowapunguzia melatonini. Mmoja huvurugwa na taa ya sebuleni, mwingine anahitaji mwanga mkali mno ndipo aguswe. Anayetaka kujua yuko wapi ni lazima ajijaribu, na hapa ndipo kazi ilipo, maana kipya kinyemi: ukivaa miwani mpya jioni ya kwanza utalala vizuri kwa ile hamu tu, na kwa kuwa kuivaa kumekukumbusha kwamba saa za kulala zimefika.

Kwa hiyo tafuta miwani miwili, wa kaharabu na mweupe, na vaa mmoja wapo kila jioni kwa saa ileile. Uamuzi usiwe wako: andika vikaratasi 14, saba vya kila rangi, vitie kwenye kopo, na chomoa kimoja kila jioni. Asubuhi andika ulichukua muda gani kupata usingizi kabla hujaangalia saa ya mkononi inayorekodi usingizi, kwani saa hiyo hupima mjongeo na humhesabu aliyelala kimya akiwaza madeni kuwa yuko usingizini. Kujidanganya hakutaisha, kwa sababu dunia ya rangi ya chungwa huwezi kujifanya huioni. Kutapungua tu.

Usiku 14 unatosha kugundua nini? Tuseme muda wako wa kupata usingizi hupanda na kushuka kwa dakika 20 hivi usiku hadi usiku. Kwa hesabu za kawaida za takwimu, tofauti ya dakika 30 itaonekana kwa usiku saba kila upande, karibu mara nne katika kila majaribio matano. Tofauti ya dakika kumi, ile ya Boston, inataka usiku kama 63 kila upande, yaani zaidi ya miezi minne ya kuchomoa vikaratasi. Wiki mbili zikipita bila kuona kitu, utakachojua ni kwamba nusu saa yako huenda haimo ndani ya lenzi hizo. Kuhusu dakika kumi utakuwa hujauliza bado.