Keki ya Samaki Mwenye Mapezi Manane

Juzi asubuhi, kabla sijamaliza hata kikombe cha chai ya rangi, niliarifiwa rasmi na mama watoto kwamba sherehe ya binti yetu, anayetimiza miaka saba Jumamosi hii, haiwezi kuendelea kupangwa mpaka ipatikane thimu. Nilipouliza kama pilau, juisi ya ukwaju na watoto wa jirani havitoshi kuwa thimu, nilitazamwa kama mtu aliyeingia msikitini na viatu. Thimu, nikaelezwa, ni wazo moja ambalo keki, mapambo, sahani na gauni la mtoto vyote hulitii, na tayari kuna mzazi huko Raskazone aliyefanya ya kifalme, na mwingine aliyefanya ya anga, yenye mwezi unaowaka taa. Sisi, kwa kuwa hatuna fedha, tutatengeneza wenyewe nyumbani.

Hapo ndipo damu iliponichemka. Sisi tuliokulia Ngamiani hatukuwa na thimu, na wengine wetu hatukuwa hata na tarehe. Umri ulipimwa siku ya kuandikishwa shule, kwa kupitisha mkono juu ya kichwa na kulishika sikio la upande wa pili, na aliyelifikia alihesabiwa kuwa ametimiza miaka saba, bila kukatiwa keki wala kumwagiwa ndoo ya maji.

Binti mwenyewe alitaka dinosaria. Niliulizia bei ya dinosaria wa plastiki madukani nikatoka bila kuaga, kisha nikatoa hoja ambayo mpaka sasa naiona kuwa ya kizalendo: kwa nini tusifanye silikanti? Ni samaki wa bluu mwenye madoa meupe, ambaye wataalamu waliamini ametoweka pamoja na hao hao dinosaria, zaidi ya miaka milioni 60 iliyopita, mpaka mmoja alipovuliwa Afrika Kusini mwaka 1938. Wa kwetu walianza kunaswa kwenye nyavu, na mwaka 2009 ikaanzishwa Hifadhi ya Bahari ya Silikanti hapa hapa Tanga. Kwa ufupi, dinosaria amekufa na silikanti yupo, tena ni jirani. Mtoto alikubali aliposikia kwamba samaki huyo hufikia karibu urefu wa mita mbili, na mama yake alikubali aliposikia kwamba hatutanunua mwanasesere yeyote.

Basi nikapanda baiskeli mpaka Chumbageni kwa mama mmoja anayeoka keki nyumbani kwake, niliyesifiwa kwamba bei zake zina huruma. Nilimwamkia, akaitikia vizuri, akanikaribisha kiti, nami nikamwonyesha picha kwenye simu. Akavaa miwani.

“Huyu ni jodari?”

“Si jodari, mama.”

“Chewa?”

“Wala si chewa.”

“Basi ni mgonjwa, baba. Mbona ana vipaku?”

Nilimweleza habari zote, za dinosaria, za Afrika Kusini na za hifadhi, kwa utulivu wa mtu anayetarajia kupunguziwa bei kwa ajili ya elimu aliyoitoa. Alinisikiliza kwa adabu mpaka mwisho, akavua miwani, akasema: “Kama watu walikwisha kuamini kwamba hayupo, si mngemwacha tu apumzike?”

Keki ya kawaida, alisema, ni shilingi 40,000 kwa kilo, lakini keki ya kiumbe ni habari nyingine, kwa sababu kiumbe ana viungo. Akarudisha miwani usoni na kuanza kuhesabu mapezi kwa ncha ya kisu. La mgongoni, moja. La pili la mgongoni, ambalo aliniuliza ni la nini, nami nikajibu kwamba ndivyo Mungu alivyomuumba. Ya kifuani mawili, ya tumboni mawili, la chini karibu na mkia moja, na mkia wenyewe: jumla manane. Kila pezi ni shilingi 2,000, kwa kuwa lazima lisimame kwa waya.

“Waya utawachoma watoto, mama.”

“Bila waya ni 3,000, maana kulisimamisha kutanipotezea muda.”

Nikaomba tumlaze samaki ubavu, ili pezi moja la kifuani na moja la tumboni yafichike chini na yasiingie kwenye hesabu.

“Samaki anayelala ubavu amekufa, baba. Unataka kumwekea mtoto maiti mezani siku yake ya kuzaliwa?”

Nilisema hajalala, anaogelea, ila sisi tumemwona akiwa anapita. Alifikiri kwa muda, akakubali kwamba hilo linawezekana, akayafuta mapezi mawili, nami nikajiona mwanasheria. Kisha akaikuza picha kwa vidole na kugundua kwamba mkia wa silikanti una sehemu tatu, kwa hiyo akauhesabu mara tatu, na tukarudi kwenye manane. Madoa alinipa bure, nikashukuru kwa moyo wote, lakini akaongeza kwamba bluu ndiyo rangi ghali kuliko zote na akataka kujua kama hakuna silikanti wa njano. Hakuna, nilimwambia. Akauliza kama anataga. Nikajibu, nami bado nina fahari ya mwalimu, kwamba mayai yake huanguliwa humo humo tumboni na vitoto huzaliwa vikiwa hai.

“Kumbe! Basi atahitaji na kitoto pembeni. Watu watauliza.”

Kitoto ni shilingi 10,000. Jumla 74,000, bila mishumaa na bila jina la binti, ambalo hutozwa kwa herufi. Na kinachoniumiza zaidi ni kwamba silikanti mwenyewe haliwi, kwani nyama yake ina mafuta yanayoendesha tumbo. Yaani natakiwa kulipa 74,000 kwa sanamu ya samaki ambaye akiletwa mezani bure, hakuna mtu mwenye akili atakayenyoosha mkono! Nimeacha oda? Nimeacha. Nimeacha na malipo ya awali, kwa sababu mama yule alikwisha kunimiminia juisi, na mimi nilikwisha kuinywa.

Mama mkwe ana maoni kwamba angetupikia mkate wa kumimina, makaa juu na makaa chini, kwa gharama ya mchele, nazi, sukari, hamira na iliki, na mimi naunga mkono kwa asilimia mia moja. Mjukuu wake amemjibu kwa heshima kwamba mkate wa kumimina hauna mapezi.

Kuhusu hayo mapambo ya kujitengenezea, naomba mtu anieleze ni lini maboksi matupu yalianza kuuzwa. Rangi tumeipata kwa bluu ya kufulia nguo nyeupe, madoa tumeyapaka kwa chokaa, na matokeo ni silikanti ambaye ukimgusa, nawe unakuwa silikanti. Mpaka sasa mwanangu wa kiume ana mikono yote miwili ya bluu na ametumwa dukani hivyo hivyo. Nyuzi za mkonge za kufanyia mwani, katika mkoa huu uliojulikana duniani kwa mkonge, zimeniwia ngumu kupatikana kuliko dinosaria. Wavu chakavu tumepewa na mvuvi wa eneo la Deep Sea, ambaye ni mtu mwema na hakudai chochote. Tumeutundika sebuleni tangu jana, na tangu jana paka wa mtaa mzima wamekaa kibarazani kwa nidhamu, wanasubiri tufungue mlango.

Walioalikwa ni watoto kumi. Kila mtu mtaani anajua maana ya watoto kumi, kwa hiyo mama watoto amekwisha kuazima sahani arobaini, na jirani aliyetuazima ameuliza kama watu wazima watakula kabla au baada ya watoto.

Yamebaki maputo. Pakiti iliandikwa kuwa ni ya bluu na meupe, nusu yake ni mekundu, na muuzaji anasema niyatumie kama matumbawe. Pampu ya kuyajaza inakodishwa kwa siku, lakini mama watoto amesema hilo ni anasa, akanitazama kifuani, akaniletea kiti.