Mashoga weusi wa Marekani na VVU: tatizo haliko chumbani pekee

Mwaka 2016 CDC, taasisi ya Marekani ya kudhibiti magonjwa, ilikadiria kuwa hali isipobadilika, shoga mmoja mweusi kati ya wawili angepata VVU maishani mwake. Kwa Walatino ni mmoja kati ya wanne. Kwa weupe, mmoja kati ya 11.

Wengi hukimbilia kusema ni tabia: wanajiachia, hawatumii kondomu. Hoja hiyo imepimwa, ikaanguka. Uchambuzi ulioongozwa na mtafiti Gregorio Millett, uliochapishwa na jarida la Lancet mwaka 2012, ulijumlisha tafiti nyingi na kuona kuwa wanaume weusi wa Marekani hawajiweki hatarini kuliko wenzao. Walikopungukiwa ni kwenye bima ya afya na matibabu ya VVU.

Matokeo hayo yanawabana hata wanaowatetea. Husemwa mara nyingi kwamba ubaguzi huleta msongo wa mawazo, na msongo humsukuma mtu kwenye pombe na ngono isiyo salama. Kwa mtu mmoja mmoja yawezekana. Lakini kama tabia hazitofautiani, njia hiyo haiwezi kueleza pengo kubwa namna hii. Kwangu mimi ni lawama ileile, ila imetiwa huruma.

Wapo wanaosema, basi tuache kuutaja ubaguzi kama sababu: virusi vimeshajaa katika kundi dogo, hata mwenye mpenzi mmoja yuko hatarini. Kweli. Ila kundi hilo halikujifungia lenyewe. Utafiti wa San Francisco uliotoka mwaka 2009 ulionyesha mashoga wa rangi nyingine wakiwaona weusi kuwa wapenzi wa hatari na kuwakwepa, nao wakabaki kutafutana wenyewe kwa wenyewe.

Halafu kuna dawa. Anayetumia ARV hadi virusi visionekane kwenye kipimo hamwambukizi mpenzi wake. Mississippi na Georgia, kusini ambako weusi ni wengi, zimekataa kupanua kikamilifu Medicaid, bima ya serikali kwa wenye kipato kidogo. Asiye na bima huchelewa kupima, huchelewa kutibiwa, na muda wote huo anaweza kuambukiza bila kujua.

PrEP, dawa ya kujikinga, iliidhinishwa mwaka 2012. Mara nyingi kuipata kunahitaji cheti cha daktari, na kwa kawaida daktari huuliza unalala na nani. Katika mji mdogo ambako muuguzi wa zahanati anasali kanisa moja na mama yako, swali hilo linatosha kumrudisha mtu nyumbani mikono mitupu, hata akiwa na bima.