Modeli ikisema ina uhakika, tuipime vipi?

Modeli ya akili bandia ikikwambia picha hii ya hospitali ina uvimbe kwa uhakika wa asilimia 90, maana yake ni hii: kusanya picha nyingi ilizozisemea hivyo, na katika kila 100, kama 90 ziwe na uvimbe kweli. Zikiwa 70, modeli inajigamba. Mwaka 2017 mtafiti Chuan Guo na wenzake walionyesha kwamba mitandao mingi ya neva ya kisasa, yaani modeli zinazojifunza kwa mifano, ina tabia hiyo: inapatia kuliko ya zamani, ila inajiamini kupita kiasi.

Kipimo kilichozoeleka hupanga tabiri katika mafungu kwa kiwango cha uhakika, kikatazama pengo kati ya kilichodaiwa na kilichotokea, kisha kikatoa wastani wa mapengo. Namba moja, inakaa vizuri kwenye jedwali. Mimi namba hiyo ikisimama peke yake siiamini.

Chukua siku 100, mvua ikanyesha 70. Modeli ya kwanza kila asubuhi inasema asilimia 70, liwe wingu liwe jua. Ya pili ilisema asilimia 90 kila siku iliyonyesha na 10 kila siku iliyokuwa kavu. Haikuchanganya hata moja. Kwa kipimo kile cha mafungu, ya kwanza inapata kosa la 0, ya pili 0.10. Yaani isiyotofautisha siku na siku ndiyo mshindi! Sasa tumia alama aliyoipendekeza mtaalamu wa hali ya hewa Glenn Brier mwaka 1950: toa matokeo (1 ikinyesha, 0 isiponyesha) kwenye uwezekano uliotajwa, zidisha tofauti kwa yenyewe, tafuta wastani. Ya kwanza 0.21, ya pili 0.01, na ndogo ndiyo bora. Basi namba zote mbili zitolewe pamoja.

Linaloniuma zaidi ni data ya majaribio. Mara nyingi hutoka chungu kile kile kilichoifunza modeli. Kuna marekebisho mepesi, ya kugawa kwa namba moja alama za ndani ambazo modeli huzigeuza kuwa asilimia, na kwa data ya aina ile ile yanafanya kazi nzuri sana. Lakini badilisha mashine ya kupigia picha, au wagonjwa wawe wa umri mwingine, na ulinganifu wa kinachodaiwa na kinachotokea unaweza kuvunjika bila modeli kupunguza kujiamini. Utafiti wa mwaka 2019 wa Yaniv Ovadia na wenzake uliliona hilo kwa njia nyingi walizojaribu.

Kwa hiyo nikiletewa jedwali, naomba kwanza fungu la asilimia 95 kwenda juu, kwa data ya mahali modeli haijawahi kufika. Hapo ndipo daktari anaposhawishika kutoitazama picha mara ya pili.