Nepi ni rahisi, lakini nani anafua?

Mama alipotoka Muheza kuja kulea mzazi, alishuka Mbezi na kifurushi cha kanga kuukuu, zimefuliwa hadi maandishi yamefifia. Hizo ndizo nepi alizotulelea sisi. Alipofika ndani akaiona pakiti ya pampasi juu ya kabati, akaigeuzageuza.

"Shilingi ngapi hii?"

"Elfu ishirini, Mama. Ziko hamsini."

"Mwanangu, kwa hiyo unamfunga mtoto noti, anaijaza, unaitupa?"

Neno hilo liliniuma, nikafungua daftari. Nilitaka kujua kama Mama ana haki, na kama anayo, ana haki ya shilingi ngapi.

Mtoto mchanga anamaliza hata nane kwa siku, akikua zinapungua lakini saizi kubwa ni ghali zaidi, kwa hiyo nikaweka wastani wa tano kwa shilingi 400. Hiyo ni 2,000 kwa siku, 60,000 kwa mwezi, na kwa miaka miwili 1,440,000. Nilirudia kuzidisha mara mbili nikidhani nimekosea sifuri.

Upande wa nepi za kitambaa, dazeni mbili nilizipata Kariakoo kwa 60,000. Chupi za plastiki za kuvalisha juu, sita, 18,000. Beseni, ndoo yenye kifuniko na pini zikala 15,000. Jumla 93,000, na nepi zenyewe zinamsubiri mdogo wake. Hapo ndipo wengi wanaosifia nepi hufunga hesabu na kutangaza mshindi.

Mimi nilikuwa bado sijafua hata moja.

Nepi ya choo inasuuzwa, inalowekwa, inafuliwa, inasuuzwa tena mara mbili, maana sabuni ikibaki mtoto anababuka. Kwangu ilikuwa madumu matatu ya lita 20 kila siku, na uani kwetu dumu ni 200. Kwa mwezi 18,000. Sabuni ya mche na ya unga kidogo, 8,000. Halafu pasi.

Pasi nilitaka kuiruka, jua la Dar linatosha kukausha chochote. Mama akanikatalia, nami nikamwona mkaidi, hadi siku aliponiita nikitazame kiuno cha mtoto. Kulikuwa na kijipu kimeiva, katikati kina kitundu cheusi. Akakipaka mafuta ya mgando mazito, akasubiri, kisha akabana kwa vidole viwili pole pole, akatoka funza mweupe, mnene, anajinyonganyonga. Kuna inzi anayetaga mayai kwenye nguo mbichi iliyoanikwa, na nguo isipopigwa pasi ya moto pande zote, funza anaingia kwenye ngozi. Tangu siku hiyo sikubishana tena. Nusu uniti ya LUKU kwa siku, kama 5,000 kwa mwezi.

Basi nepi zinakula 31,000 kwa mwezi, karibu nusu ya pampasi. Kwa miaka miwili, ukijumlisha na mtaji, unaokoa kama laki sita. Mama alikuwa na haki. Ila gawanya laki sita hiyo kwa siku zote za miaka miwili: haifiki shilingi 850 kwa siku. Na kazi yenyewe, kufua, kuanika, kuanua mvua ikitisha, kupiga pasi, ilikuwa inanichukua saa moja na nusu. Mama wa kufua mtaani kwetu anataka 5,000 kwa beseni. Kumbe unafuu wa nepi ni mshahara wa mtu ambaye hakuna aliyemuuliza anataka kulipwa ngapi. Mara nyingi ni mama mwenyewe, au dada wa kazi ambaye mshahara wake haukupanda mtoto alipozaliwa. Baba watoto aliniunga mkono sana kwenye nepi za kitambaa. Hakuwahi kuloweka hata moja.

Na hiyo ni maji yakiwepo. Mwezi ule bomba lilipokauka tukaanza kumsubiri mtu wa toroli, dumu likapanda hadi 500. Maji peke yake 45,000. Gharama ya nepi ikafika 58,000, yaani nilikuwa nafua usiku kucha ili niokoe 2,000 kwa mwezi.

Tena si sisi tu tunaokunja uso kwa bei. Pampers ilipojaribiwa sokoni mara ya kwanza, mwaka 1961, katika mji wa Peoria jimbo la Illinois, moja iliuzwa senti 10 za Marekani na kina mama wakaiacha dukani, ikabidi bei ishushwe hadi senti 6. Na wale wengi wao walikuwa na mashine ya kufulia na bomba lisilokatika.

Nikaishia kuchanganya: nepi mchana, pampasi usiku na safarini. Taka sijazipigia hesabu, ingawa gari la taka linapochelewa wiki nzima pua inazihesabu.

Anayeniumiza roho ni jirani yangu wa chumba cha uani. Kila jioni anakwenda kwa Mangi na shilingi 500 kununua pampasi moja ya kulalia mtoto. Akifikisha hamsini ametoa elfu tano zaidi yangu kwa mzigo uleule, kwa sababu elfu ishirini haijawahi kukaa mkononi mwake kwa wakati mmoja. Mwanangu alipoanza kukaa kwenye poti nilimpelekea dazeni moja ya nepi, bado nzima, nimezipiga pasi.

Akazipokea kwa mikono miwili, akanishukuru sana. Kisha akauliza kama anaweza kuwa anachota kwenye tanki letu.