Kiti cha Mtumba au Mapaja ya Mama

Wifi yangu alinunua kiti cha mtoto cha gari kwenye mitumba ya Ilala. Ni kiti kizuri, cha kijivu, mikanda yake yote ipo. Akakipiga picha na kuituma kwenye kundi la WhatsApp la akina mama, akitegemea kupongezwa. Alichopata ni kemeo: kiti cha mtumba hakinunuliwi, hujui kilipata ajali gani huko kilikotoka, unacheza na roho ya mtoto. Wiki mbili baadaye nilikikuta stoo, kimepakatishwa ndoo na mafagio. Mtoto, wa miezi 11, alikuwa amerudi kule kule: anapakatwa kiti cha mbele kila Jumapili wakienda kanisani.

Waliomkemea wana hoja, na mimi siibezi. Lile povu gumu chini ya kitambaa ndilo linalopokea kishindo cha ajali, na likishapondeka mara moja halirudi kuwa lilivyokuwa. Ufa wa plastiki hujificha. Kiti kilichoanikwa juani miaka mingi hukakamaa na kuvunjika upesi, ndiyo maana watengenezaji wengi huweka ukomo wa matumizi, mara nyingi kati ya miaka 6 na 10. Na muuza mitumba, hata awe mkweli kiasi gani, hawezi kukwambia kiti kilikuwa kwenye gari la nani na gari hilo lilipatwa na nini.

Lakini onyo hilo limeandikwa kwa wazazi wa wapi? Uingereza sheria inataka mtoto akae kwenye kiti chake hadi afikishe miaka 12 au urefu wa sentimita 135. Japani, zinakotoka gari zetu nyingi, kiti ni lazima kwa mtoto wa chini ya miaka 6 tangu mwaka 2000. Mama wa huko akiambiwa aache mtumba, ananunua kipya. Hapa Tanzania, Sheria ya Usalama Barabarani ya 1973 ilitungwa bila kutaja kiti cha mtoto, na wanaharakati wamepigia kelele pengo hilo kwa miaka. Kiti kipya cha kuaminika kinaweza kumeza kodi ya nyumba ya miezi kadhaa. Kwa hiyo mama wa Mbagala akikatazwa mtumba, kinachobaki ni mapaja yake.

Basi tuyaangalie hayo mapaja. Gari likienda kilomita 50 kwa saa, mwendo unaoruhusiwa kwenye makazi ya watu, kisha likagonga kitu na kusimama, aliyemo bila mkanda anaendelea kwenda kwa mwendo ule ule. Ni sawa na kudondoka kutoka juu mita 10, yaani ghorofani. Mtoto wa kilo 10, gari likisimama ndani ya sehemu ya kumi ya sekunde, mikono ya mama inadaiwa nguvu inayolingana na uzito wa kilo 140. Hilo ni gunia la mahindi la kilo 100, na juu yake ndoo mbili za maji za lita 20. Nimeipiga hesabu hiyo tena na tena nikitafuta nilipokosea. Hakuna mama mwenye mikono hiyo, ampende mtoto wake namna gani. Naye mwenyewe asipofunga mkanda, mwili wake ndio unaomponda mtoto kwenye dashibodi. Wapo wanaozungusha mkanda mmoja kwa mama na mtoto pamoja, wakidhani wamepata dawa. Hapo uzito wote wa mama humkandamiza mtoto kwenye mkanda.

Shirika la Afya Duniani linasema vifaa vya kumfunga mtoto garini vinaweza kupunguza vifo kwa angalau asilimia 60. Takwimu hiyo haikupimwa kwa viti vya Ilala, na sitajifanya kwamba ilipimwa. Ila kiti kilichochakaa kidogo, kikawa kimefungwa vizuri, bado kinamshikilia mtoto mahali pake. Mapaja hayamshikilii hata kidogo.

Kuna wanaosema mjadala wote huu ni wa wenye magari, wakati watoto wengi wanapanda daladala na bodaboda. Ni kweli, na hao wana madai yao makubwa kwa serikali. Lakini mtoto wa daladala hapati nafuu yoyote kwa sababu mtoto wa kwenye Vitz kapakatwa.

Ningetamani kemeo lile lingegeuzwa kuwa mafunzo ya namna ya kuchagua. Vua kitambaa chote, ukitazame kiti kikiwa uchi. Povu likiwa na mpasuko, plastiki ikiwa na alama nyeupe ya kukunjika, mkanda ukiwa umechanika nyuzi au kifungo chake hakishiki, kiache hata kama unapewa bure. Tafuta tarehe ya kutengenezwa, mara nyingi imechapwa kwenye plastiki, chini au mgongoni. Kama ni cha Ulaya, tafuta kibandiko chenye herufi E ndani ya duara. Kwenye viti vya kanuni ya zamani ya Ulaya, R44, namba ya kibali ianze na 03 au 04. Ya 01 au 02 imeshapitwa na wakati.

Na hata kipya cha dukani hakisaidii kikitumiwa vibaya. Mtoto mdogo anatakiwa kutazama nyuma ya gari, kwa sababu kichwa chake ni kizito na shingo ni changa; akitazama nyuma, mgongo mzima wa kiti unapokea kishindo. Kanuni mpya ya Ulaya, R129, inataka hivyo hadi apite miezi 15, na Wasweden huendelea hadi karibu miaka 4. Bibi zetu hulalamika kwamba mtoto kakunjwa miguu. Mguu uliokunjwa hauna shida, shingo ndiyo ya kuhofia. Na kiti kinachotazama nyuma kisiwekwe kamwe mbele ya eabegi, ule mfuko wa hewa unaofumuka ajali ikitokea, ikiwa inafanya kazi.

Jumamosi iliyopita tulikitoa kiti cha wifi stoo. Plastiki iliandikwa 2021, kibandiko ni E11, yaani kibali cha Uingereza, na namba inaanza na 04. Povu zima. Kazi ilikuwa kwenye gari: vifungo vya mikanda ya nyuma vilikuwa vimefunikwa na kava za siti tangu gari linunuliwe, ikabidi tuzipasue kava kwa kisu. Nikaegemea kiti kwa goti huku wifi akivuta mkanda, hadi kikawa hakisogei zaidi ya upana wa vidole viwili. Mtoto akalia. Tukabana mikanda ya mabegani hadi ikawa haifinyiki kwa vidole, na wifi, aliyezoea kumviringisha kwanza kwenye kitenge, safari hii akamfunika nacho juu ya mikanda.